Barua ya kukataliwa iko chini ya godoro, na broka anataka 45,000

Salamu sana, Shangazi. Jina langu nakuomba ulifiche, niite tu fundi wa Kayole, maana huku tunajuana na habari hazilali njiani.

Mimi ni mwanamke wa Congo, wa Rutshuru kule Kivu ya Kaskazini, miaka 34. Siku waasi wa M23 walipoingia mjini, bwana yangu alikuwa Kiwanja, dukani kwa kaka yake. Alinipigia simu akasema nitangulie na watoto, yeye atatukuta njiani na pikipiki. Tangu siku hiyo sijasikia sauti yake. Tulitembea kwa miguu, tukilala popote giza lilipotukutia, mpaka Kanyaruchinya karibu na Goma. Tukakaa pale chini ya turubai karibu miezi mitatu. Mama mmoja wa kanisa alinisaidia nauli. Tulipita Rwanda, tukapita Uganda, tukaingia Kenya kwa njia ya Busia mwezi wa pili mwaka 2023. Nilijiandikisha, nikapewa karatasi ya mwomba hifadhi. Ndiyo ninayotembea nayo mpaka leo.

Nairobi nilianza kwa kufulia watu nguo. Sasa ninashona. Nimekodi cherehani ya mama mmoja jirani, namlipa shilingi 150 kila siku, jioni nabaki na hela ya unga na mboga. Tuko akina mama 12 katika chama, na mwezi huu zamu yangu imefika: shilingi 38,000. Nilikuwa nimeshaichagua cherehani yangu mwenyewe kwa macho. Iko kwenye duka moja mjini, kila nikipita naiangalia.

Shida ni hii. Mwaka jana niliitwa mahojiano ya kuamua kama mimi ni mkimbizi kweli. Mkalimani alikuwa mwanaume wa kwetu, ninamfahamu, mke wake huimba kwaya moja na mimi. Niliulizwa mambo mengi kwa saa nyingi. Waliniuliza niliondoka lini, nikasema mwezi wa kumi. Baadaye wakauliza tena, nikasema mwezi wa kumi na moja. Waliniuliza nimezaa watoto wangapi, nikasema watatu. Lakini siku ya kujiandikisha nilikuwa nimesema watoto wangu ni wanne. Wa nne ni mtoto wa dada yangu marehemu. Nilimlea toka hajaota meno, ananiita mama, na mimi sijawahi kumwita kitu kingine zaidi ya mwanangu. Na kuna jambo lilinipata porini kabla hatujafika Kanyaruchinya, lililofanywa na watu wenye bunduki. Hilo sikulisema. Nilimtazama yule mkalimani nikaona kama kwaya yote imekaa mbele yangu, nikasema tu kwamba tulipita salama.

Sasa jibu limekuja. Nimekataliwa. Barua ni ya Kiingereza. Kijana wa jirani alinisomea, akasema imeandikwa kwamba maneno yangu hayaaminiki. Leo ni siku ya 17 tangu niipokee. Nimeificha chini ya godoro, hata watoto hawajui.

Kuna ndugu mmoja tunasali naye, anasema anajua watu ndani ya HCR, yaani UNHCR, lile shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi. Anataka 45,000: shilingi 20,000 sasa, nyingine faili likianza kutembea. Anasema rufaa ni kupoteza wakati, yeye ataiingiza kesi yangu moja kwa moja kwenye safari ya Marekani. Lakini lazima nibadilishe maneno: niseme bwana yangu alikufa na nilimzika mwenyewe, maana mjane husikilizwa haraka, na mtoto wa dada nimwandike kwamba nimemzaa mimi. Anataka jibu Jumapili.

Usiku silali. Nikiona polisi naingia dukani mwa mtu. Shule inaniuliza karatasi za mtoto wa dada, yuko Gredi ya 6, sina. Shangazi, nimpe hiyo hela? Na kumuua bwana yangu kwa mdomo wakati sijui kama yuko hai, si ni dhambi? Nifanye nini?

Fundi wa Kayole


Fundi, mdogo wangu,

Barua yako ilinifikia Jumatatu jioni, nikakutumia ujumbe usiku uleule: itoe hiyo barua chini ya godoro, kesho asubuhi uende nayo kwa wakili wa wakimbizi. Ulinijibu kwamba utaenda ukimaliza sare za shule za wateja. Hapana. Sare zingoje, na mteja akikasirika mwambie umeitwa kwa jambo la watoto, kwa sababu ndilo hilo. Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya mwaka 2021 inampa mtu aliyekataliwa siku 30 za kukata rufaa, na zinahesabiwa tangu alipoarifiwa. Wewe umeshatumia 17 kwa hofu. Zilizobaki zinatosha kuandika rufaa nzuri ukianza sasa, na hazitoshi kabisa ukingoja Jumapili ya huyo ndugu.

Nikuondolee kwanza hofu kubwa. Kukataliwa mara ya kwanza si kufukuzwa nchini. Rufaa yako inakwenda kwa kamati ya rufaa, ambayo ni watu wengine kabisa, na nayo ikikataa, bado kuna Mahakama Kuu. Wakati rufaa inasubiri, wewe ni mtu ambaye shauri lake halijaisha, na hakuna anayeruhusiwa kukurudisha mahali ambapo maisha yako yako hatarini. Kanuni hiyo imo katika Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, imo katika mkataba wa Afrika wa 1969, na imo katika sheria ya Kenya yenyewe.

Uende wapi? Nairobi kuna Refugee Consortium of Kenya, wanaofanya kazi hii tangu 1998. Kuna Kituo cha Sheria, kilichoanza 1973, chenye mawakili na wasaidizi wa kisheria wanaoshughulikia wakimbizi. Hao hawatozi ada kwa kukusikiliza wala kwa kukuandikia rufaa. Tena Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inapotaja watu wasio na uwezo wanaostahili wakili wa kugharimiwa na serikali, mkimbizi ametajwa waziwazi, pamoja na raia na mtoto. Ukienda usiende kama mtu anayeomba sadaka.

Na usidhani mawakili hawa ni watu wa kujaza fomu tu. Mwishoni mwa 2012 serikali ilitangaza kwamba wakimbizi wote wa mijini wahamishiwe makambini, Dadaab na Kakuma. Watu waliokuwa na maduka Eastleigh, watoto waliokuwa darasani, wagonjwa waliokuwa kwenye dawa, wote walitakiwa wafunge virago. Kituo cha Sheria kilikwenda Mahakama Kuu pamoja na wakimbizi saba, na tarehe 26 Julai 2013 marehemu Jaji David Majanja aliitupilia mbali amri ile. Kwa hiyo ukiona mwanamke wa Congo anashona Kayole leo, ujue kuna watu waliosimama mahakamani kwa ajili ya maisha ya namna hiyo, na mawakili wa aina hiyo ndio nakutuma kwao.

Sasa huyo ndugu wa kanisani. Usimpe hata senti. Nasema hivyo bila kumjua, kwa sababu anachokuuzia hakiuzwi. Kujiandikisha, kuhojiwa, kukata rufaa, kupendekezwa kuhamishiwa nchi ya tatu kama hiyo Marekani: hakuna hata kimoja ambacho UNHCR hutoza pesa. Na safari hiyo haiombwi kwa faili la mkato. UNHCR ndio humchagua mtu kutokana na hali yake, halafu nchi inayopokea huamua yenyewe. Duniani kote, kwa mwaka mmoja, wanaopata nafasi hiyo ni chini ya asilimia 1 ya wakimbizi wote. Kuhusu Marekani, ni kweli Wakongo walikuwa kundi kubwa kuliko yote waliopokelewa huko mwaka 2023 na 2024, na ndiyo maana maneno yake yanaingia masikioni vizuri, kwa kuwa kila mtu Kayole anamjua mtu aliyepanda ndege. Lakini Januari 2025 rais mpya wa Marekani aliusimamisha mpango ule. Watu waliokuwa wameshapimwa afya na kuuza vitanda vyao walibaki na masanduku mlangoni. Kama hao walikwama, huyu anayetaka 20,000 za kuanzia atakupitisha mlango gani?

Ujumbe wake wa simu usiufute. Namba yake iandike mahali. Wakili akikuuliza, mwonyeshe. UNHCR wana njia ya kupokea malalamiko ya ulaghai kwa siri, na si wewe wa kwanza kuambiwa maneno haya. Najua inauma kwa kuwa mnasali pamoja. Mwambie tu umeamua kukata rufaa, usibishane naye, wala usimsimulie unakwenda kwa nani.

Hapa nataka tukae zaidi, kwa sababu nadhani umeisoma barua ya kukataliwa vibaya, au kijana wa jirani hakukusomea yote. Umeelewa kwamba wamesema wewe ni mwongo. Mimi nikisoma ulichoniandikia naona mwanamke aliyesema kweli katika kila swali, isipokuwa moja, na hilo moja nalielewa.

Chukua suala la tarehe. M23 waliingia Rutshuru na Kiwanja tarehe 29 Oktoba 2022. Hilo linajulikana na limeandikwa. Wewe ulitoka nyumbani siku hiyo, ukatembea na watoto wanne, mmoja nadhani alikuwa mgongoni, ukalala njiani. Kanyaruchinya ulifika lini? Bila shaka Novemba ilikuwa imeshaingia. Basi mwezi wa kumi ni kweli na mwezi wa kumi na moja ni kweli: mmoja ni wa kutoka nyumbani, mwingine nahisi ni wa kufika kambini, au wa kuachana kabisa na barabara ya Rutshuru. Neno "kuondoka" lilibeba safari mbili na hakuna aliyelitenganisha. Kaa na wakili mchore safari yako kwenye karatasi, siku baada ya siku: tulilala hapa, mvua ilinyesha, mtoto alishikwa na homa, tulisikia mabomu upande huu. Usikisie tarehe usiyoijua. Sema "siku mbili baada ya kuingia kwao", sema "Jumapili ya kwanza kambini". Mtu anayekumbuka hivyo anaaminika kuliko anayetaja tarehe kama kalenda.

Suala la watoto linanigusa zaidi, maana hapo umeadhibiwa kwa wema wako. Siku ya kujiandikisha uliulizwa watoto wako, ukasema wanne. Kwenu, kama kwetu, mtoto wa dada ni mtoto wako, ungemwitaje, mgeni? Kwenye mahojiano uliulizwa umezaa wangapi, ukasema watatu, maana tumbo lako lilibeba watatu. Ni maswali mawili na majibu mawili sahihi, lakini kwenye faili yamekaa kama mtu anayebadilisha hesabu. Hili linarekebishwa kwa aya moja ya maelezo yenye kiapo: huyu ni mtoto wa dada yangu, mama yake alifariki wakati fulani, nimemlea tangu akiwa mchanga, hawa hapa wanaojua. Kama kuna mtu wa Rutshuru hapa Nairobi aliyemjua dada yako, hata kama ni muuza vitenge, mwombe awe shahidi.

Uone sasa huyo ndugu alitaka kufanya nini. Anakwambia uandike kwamba umemzaa, wakati ukweli wenyewe unatosha kumweka mtoto kwenye faili lako kihalali! Mtoto aliyelelewa na mama mdogo ni wa familia hiyo. Siku moja wakiomba vipimo vya DNA, jambo ambalo nchi zinazopokea wakimbizi huweza kulidai, uongo huo ungekutenganisha na mtoto ambaye ukweli ungemwacha mikononi mwako. Mwombe wakili huyohuyo akusaidie na karatasi za ulezi. Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 inautambua ulezi wa ndugu, na karatasi hiyo ndiyo itakayotuliza shule kuhusu Gredi ya 6. Kwa sasa nenda kwa mwalimu mkuu mwenyewe, si kwa karani, umwonyeshe karatasi ya kujiandikisha yenye jina la mtoto. Elimu ya msingi ni haki ya kila mtoto aliye Kenya, na walimu wengi wakielezwa kwa heshima hutafuta njia.

Sasa lile ulilolinyamazia.

Mdogo wangu, pole. Nimeandika neno hilo nikaliacha kidogo, kwa sababu ni dogo. Hukufanya kosa lolote porini na hukufanya kosa kunyamaza. Nani angefungua jambo kama hilo mbele ya mume wa mwanakwaya mwenzake? Watu waliosomea kazi hii wanajua kwamba wanawake wengi hulisema jambo kama hilo mara ya pili au ya tatu, au miaka baadaye, na kuchelewa kulisema hakumaanishi halikutokea. Ila kamati ya rufaa haiwezi kulijua kama halijaandikwa, na faili lako kwa sasa linasema "tulipita salama".

Kwa hiyo fanya hivi. Siku ya kwanza kwa wakili, mlangoni kabisa, sema unataka kuzungumza na mwanamke, na kama unahitaji mkalimani awe mwanamke asiye wa kwenu. Huna haja ya kueleza kwa nini. Ukishakaa naye peke yenu, watoto wakiwa nje, unaweza kuanza kwa sentensi moja tu: "Kuna jambo sikulisema kwenye mahojiano kwa sababu namfahamu mkalimani." Sentensi hiyo ni muhimu sana kisheria, kwa kuwa inaeleza sababu ya ukimya wako na inaonyesha kwamba mahojiano hayakukupa nafasi ya kusema yote. Yaliyobaki utayasema kwa kadiri unavyoweza. Wakili anabanwa na siri ya kazi yake. Kanisa halitasikia, wala watoto. Akikubaliana nawe, anaweza kukuelekeza kwa mshauri wa kisaikolojia na kwa daktari wanaoandika ripoti za kitaalamu kwa walioteswa na waliodhulumiwa. Independent Medico-Legal Unit hapa Nairobi hufanya kazi ya namna hiyo, na Nairobi Women's Hospital kuna kituo cha waliodhulumiwa kijinsia. Nenda hata kama ripoti isingehitajika. Miaka imepita, lakini umesema usiku hulali, na sidhani kinachokuamsha ni barua peke yake.

Tena kuna jambo ambalo huyo broka hakukwambia, labda halijui. Kwa mkataba wa Afrika wa 1969, na kwa sheria ya Kenya, mkimbizi si yule tu aliyewindwa yeye binafsi kwa kabila au siasa. Ni pamoja na mtu aliyelazimika kukimbia kwa sababu ya uvamizi au machafuko makubwa katika sehemu yoyote ya nchi yake. Rutshuru ilichukuliwa ukiwa ndani yake. Baada ya wewe kuondoka mambo hayakutulia: Goma iliangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata. Kanyaruchinya yenyewe uliyolala haiko kama ulivyoiacha. Wakili wako atayaweka haya mbele ya kamati, na hayategemei kumbukumbu yako hata kidogo.

Umeniuliza kama ni dhambi kumuua bwana yako kwa mdomo. La dhambi waulize viongozi wako wa dini. La kwangu ni hili: ukiapa kwamba ulimzika, halafu siku moja akatokea kambini Uganda au akapiga simu kutoka Kiwanja, utamwingiza vipi kwenye faili lako? Utakuwa umemfungia mlango kwa mkono wako mwenyewe, na utakuwa umeapa uongo, kosa linaloweza kukunyang'anya hadhi hata ukiwa umeshaipata. Sema yaliyotokea: alipiga simu siku ile, nikamsubiri, sijamsikia tena. Kupotea kwa mume vitani ni ushahidi mzito na hakuna haja ya kuuongezea kaburi. Halafu nenda Kenya Red Cross uwaombe huduma ya kutafuta ndugu waliopotea. Hailipiwi. Wao na Shirika la Msalaba Mwekundu la kimataifa wana watu Congo na Uganda, na watakuuliza jina lake kamili, jina la baba yake, mahali alipoonekana mwisho, na namba ya simu uliyokuwa unampigia. Sikuahidi kwamba watampata. Wengine wamepatikana baada ya miaka, wengine hawajapatikana. Lakini jina lake litakuwa linatafutwa, badala ya kuwa limeandikwa na wewe katika orodha ya wafu.

Kuhusu polisi niseme kwa ufupi. Ukishawasilisha rufaa, dai nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Toa nakala mbili. Moja itembee pamoja na karatasi yako ya mwomba hifadhi, nyingine ibaki nyumbani kwa mtu unayemwamini. Ukikamatwa, Katiba ya Kenya kifungu cha 49 inasema lazima ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na una haki ya kuwasiliana na wakili. Namba ya ofisi ya wakili wako uikariri kichwani, maana simu huchukuliwa. Usijifiche madukani tena. Anayekimbia ndiye anayefuatwa.

Na zile 38,000? Nunua cherehani yako. Nimelifikiria hili sana, maana mtu mwingine angekushauri uziweke kwa dharura. Lakini unalipa 150 kwa siku za kukodi. Ukishona siku 25 kwa mwezi hiyo ni 3,750, na kwa mwaka umemaliza 45,000, pesa ileile anayoitaka broka. Kitakachobaki baada ya kununua mashine kiwe nauli ya kwenda kwa wakili na kurudi, kwa sababu huendi mara moja. Siku utakayotambuliwa rasmi kuwa mkimbizi utaweza kuomba kibali cha kazi cha daraja la M, ambacho mkimbizi hatozwi ada, na kuchukua leseni ya biashara ya kaunti kwa jina lako. Mtu akija kukwambia kwamba kwa kuwa Congo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022 unaweza kuachana na mambo ya ukimbizi ukaishi hapa kama mwana jumuiya, ujue sheria ya 2021 inairuhusu njia hiyo, lakini inamtaka mtu aiache hadhi yake ya ukimbizi kwanza. Mwanamke ambaye hana pasipoti na ambaye nyumbani kwake kuna vita asiikubali njia hiyo kabla wakili hajamweleza anachopoteza.

Kesho basi. Beba barua yenyewe, na bahasha yake kama hukuitupa, kwa sababu ya tarehe. Beba karatasi za watoto wote wanne. Bebea watoto chakula, utakaa sana kwenye foleni. Wakikwambia rudi wiki ijayo, waonyeshe tarehe uliyopokea barua na uhesabu siku mbele yao. Huo si ubishi, mawakili wenyewe huhesabu hivyo. Na hata kama itatokea siku zimepita, usikate tamaa ukarudi kwa broka: mwombe wakili aiombee rufaa ikubaliwe ikiwa imechelewa, akieleza sababu.

Ukishatoka pale, usiniandikie barua ndefu. Nitumie neno moja tu, "wamepokea", nami nitaelewa.

Shangazi